Je, Wajua? Kelele Zina Saa Zake

Kila mtoto aliyesoma Kampala anaijua hadithi ya jina la mji wake. Ni kilima cha swala pala, wanyama ambao Kabaka, mfalme wa Buganda, na watu wake waliwawinda kwenye miinuko hii kabla Kapteni Lugard wa Uingereza hajaja kujenga ngome yake mwaka 1890. Swala wamekwisha, lakini uwindaji upo. Ukipita Wandegeya au Nakasero huenda ukakutana na kijana aliyevaa kizibao cha kung'aa, mkono mmoja ameshika kitu mfano wa mfupa wa samaki uliotengenezwa kwa vijiti vya alumini, mkono wa pili kifaa chenye kioo kinachochora vilima vya rangi. Anageuka taratibu, hatua kwa hatua, kama msafiri anayetafuta kibla. Wapita njia humdhania fundi wa dishi. Kumbe anawinda kelele.

Kelele yenyewe haisikiki kwa sikio. Wenye kazi yao huiita mwingiliano wa masafa: wimbi lisilotakiwa linaloangukia pale pale ambapo mnara wa simu, redio au Wi-Fi inajaribu kusikiliza. Nimekusanya hapa visa na maajabu ya uwindaji huo, mengine ya Kampala, mengine ya mbali. Katika kuyakusanya nimekuta jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani mwindaji huanza kwa kuuliza mkosaji yuko wapi. Mara nyingi huanza kwa kuuliza anaamka saa ngapi.

Je, wajua kuwa simu yako inaweza kuonyesha mtandao umejaa na bado isitoke? Ile mistari kwenye kioo inaeleza jinsi simu inavyousikia mnara. Haisemi lolote kuhusu jinsi mnara unavyoisikia simu, na huko ndiko kelele huumiza zaidi. Mnara wa 3G uliotulia hupokea kelele ya takribani dBm −105 kwenye chaneli moja. Kwa lugha ya nyumbani: chukua wati 1, igawanye mara trilioni 30. Balbu ya sebuleni ina wati 9 hivi. Kila desibeli 3 zikiongezeka, kelele imekuwa maradufu, na mnara huanza kuwa mzito wa kusikia. Walio jirani nao hawatambui kitu. Wa mbali, yule mama wa ng'ambo ya bonde, simu zake hukatika ovyo huku mistari yote minne ikimcheka.

Mhandisi huanza uchunguzi akiwa amekaa ofisini. Mnara wa kawaida una antena za pande tatu, kila upande ukichukua nyuzi 120. Akiona upande mmoja tu ndio unaoumwa, tayari amefuta theluthi mbili za mji. Akiona mnara wa jirani nao unalalamika, lakini kidogo, anapata fununu ya umbali. Kisha anachora grafu ya wiki nzima. Kelele inayoanza saa tatu asubuhi na kupumzika Jumapili ni ya duka. Inayoanza jioni na kwisha usiku wa manane, tafuta baa au nyumba ya ibada. Na ipo ile ambayo hunyamaza ghafla, kisha ikarudi baada ya saa mbili: hiyo huulizwa umeme ulikatika mtaa gani. Hapa, angalau, kukatika kwa umeme kunamfaa mtu.

Je, wajua kuwa zawadi kutoka Boston inaweza kuziba masikio ya mnara? Waganda waliokwenda kyeyo, yaani ufagio, au kama wasemavyo Watanzania, kubeba boksi, hurudi na masanduku yaliyojaa. Humo zamani haikukosekana simu ya mezani isiyo na waya, ya kumpa mama azunguke nayo uani. Nyingi ya simu hizo zilizouzwa Marekani zimeandikwa DECT 6.0. Tarakimu hiyo haina maana ya kiufundi. Si toleo la sita, wala si gigahezi 6. Ni jina la sokoni tu. Lenye maana ni kwamba simu hizo hufanya kazi kati ya megahezi 1920 na 1930. Kwa Marekani huo ni uwanja uliotengwa kwa simu za nyumbani. Kwetu, kama ilivyo Ulaya na sehemu kubwa ya dunia, megahezi 1920 hadi 1980 ndiyo njia ambayo simu za 3G hupelekea sauti kwenye mnara. Simu ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya hukaa kati ya 1880 na 1900 na haimdhuru mtu.

Kibaya zaidi, kitako cha simu hiyo hakingoji mtu apige. Hutoa mlio wa kujitambulisha mchana na usiku, simu ikiwa mkononi au kitakoni. Grafu yake ni mstari ulionyooka, hakuna asubuhi wala jioni, na ndiyo sababu humsumbua mwindaji kuliko nyingine: hana saa ya kumvizia. Mwenye nyumba ni mtu mwema aliyepokea zawadi. Ukimgongea mlango na kumwambia ameharibu mawasiliano ya mtaa mzima, atakutazama kama umekunywa waragi.

Ndugu yake ni busta. Katikati ya Kampala yamejaa majengo ya maduka yaliyobanana, arkedi, na ghorofa za chini hazipati mtandao. Mwenye duka hununua kifaa cha kukuza mawimbi, hufunga antena moja nje na nyingine ndani, maisha yanaendelea. Antena hizo mbili zikikaribiana mno, kifaa husikia sauti yake chenyewe, huikuza, huisikia tena. Umeshakisikia kitu hicho harusini, MC akisimama na maiki mbele ya spika. Busta hupiga mluzi ule ule, ila kwenye masafa ya mnara.

Je, wajua kuwa Wi-Fi ina adabu kuliko makondakta wa Old Taxi Park? Pale kwenye stendi kuu ya zamani ya Kampala, ambako magari ambayo Mkenya angeyaita matatu na Mtanzania daladala yanaitwa taksi, kila kondakta hutangaza safari yake kwa wakati mmoja: Ntinda, Bukoto, Kireka. Ruta ya Wi-Fi haifanyi hivyo. Husikiliza kwanza, ikisikia mwingine anaongea, hungoja. Matatizo huja pale nyumba za kupanga zinapobanana. Masafa ya gigahezi 2.4 yana upana wa megahezi 83.5 tu, na chaneli zisizokanyagana ni tatu: 1, 6 na 11. Ukiiweka yako kwenye 3 ukidhani umejitenga, umewakera wa 1 na wa 6 kwa pamoja.

Maikrowevu yenyewe haijui adabu hiyo. Hupika kwa mawimbi ya takribani gigahezi 2.45, katikati kabisa ya uwanja wa Wi-Fi, na ingawa mlango wake umefungwa vizuri, mawimbi kidogo huvuja: hayatoshi kumdhuru mtu lakini yanatosha kuikera ruta. Hata hivyo kuna jambo la kufurahisha hapa. Maikrowevu ya kawaida hufuata mapigo ya umeme wa ukutani, ambao Uganda ni mizunguko 50 kwa sekunde. Huwaka kwa milisekunde 10 hivi, hupumzika 10, huwaka tena. Ruta hupenyeza data yake katika vile vipindi vya kupumzika, kama mtoto anayekula nyama mama akigeuza kichwa.

Je, wajua kuwa vilima vya Kampala ni rafiki na adui wa mwindaji? Kumtafuta mtu kwa antena ya mwelekeo, ile ya mfupa wa samaki waliyoibuni Wajapani Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi miaka ya 1920, ni hesabu ya darasa la saba. Simama Kololo, geuza antena mpaka kelele iwe kali kabisa, chora mstari kwenye ramani. Nenda Muyenga, fanya vile vile. Mistari inapokatana ndipo alipo. Mji wenye vilima umekupa jukwaa la bure.

Sasa weka makosa. Antena ya mkononi ikikudanganya kwa nyuzi 5 tu, na mkosaji akiwa kilomita 3, umekosea kwa mita 260. Katikati ya mji, mita 260 zina arkedi kadhaa na mamia ya maduka. Ongeza kwamba wimbi hugonga vioo vya majengo marefu na mteremko wa kilima cha pili, likarudi kwako kutoka upande ambao hakuna kitu. Wawindaji wenye uzoefu hawaamini mstari mmoja wala miwili. Hukusanya mistari mingi wakiwa ndani ya gari lenye antena juu ya paa, kisha mita mia za mwisho hushuka na kutembea. Na katika mita hizo za mwisho tatizo hugeuka: kelele imekuwa kali mno, kila upande unaonekana sawa, na kazi sasa ni kuifanya antena isisikie vizuri. Huongeza kifaa cha kupunguza nguvu, wakati mwingine huchomoa antena kabisa na kutembea na waya mtupu. Mlango ambao waya mtupu bado unapiga kelele ndio mlango wa kubisha.

Kubisha kwenyewe kuna sheria. Fundi wa kampuni ya simu hana mamlaka ya kuingia dukani mwa mtu. Msimamizi wa masafa yote nchini ni Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 na inayofanya kazi leo chini ya sheria ya 2013, yenye makao Bugolobi. Masafa yanahesabiwa kama ardhi ya umma: huwezi kujenga juu yake bila hati.

Je, wajua kuwa mwili wako ni kifaa cha kutafutia mwelekeo? Chukua redio ndogo ya FM, chagua stesheni hafifu, ibane kifuani na uzunguke mahali ulipo. Mwili umejaa maji yenye chumvi na hukinga mawimbi kiasi. Pale mkoromo unapozidi kuifunika sauti, mtambo wa stesheni uko mgongoni kwako. Waendesha redio wa ridhaa duniani kote wamegeuza ujanja huu kuwa mchezo wenye mashindano, wanaouita kuwinda mbweha: mmoja huficha kisambazaji msituni, wengine humsaka. Redio za ridhaa za Uganda hujitambulisha kwa herufi zinazoanza na 5X.

Kama una redio yenye masafa ya kati, ile MW ya wazee, unaweza kuwinda ndani ya nyumba yako. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feriti kinachofanya kazi ya antena, na kijiti hicho huwa kiziwi pale ncha yake inapoelekea chanzo cha kelele. Niliijaribu jioni moja. Nilitafuta sehemu isiyo na stesheni, nikasikia mvumo kama wa nyuki ndani ya kopo, nikaizungusha redio mpaka mvumo ukafifia, nikafuata ncha. Nilikuwa na hakika ni balbu ya jikoni. Nikaizima, nyuki wakaendelea. Ncha ilinipeleka chumba cha pili, nyuma ya kabati, kwenye chaja ya simu niliyoinunua kando ya barabara kwa haraka na ambayo haikuwa inachaji chochote. Niliichomoa. Kimya kilichofuata kilikuwa kizuri kiasi kwamba niliirudisha na kuichomoa tena mara mbili, kwa raha tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine ki ukutani.

Je, wajua kuwa bati lenye kutu linaweza kutangaza? Mawimbi mawili yenye nguvu yakikutana kwenye maungio yenye kutu, iwe bati kwa bati, msumari au boliti ya mnara, kutu hiyo huyachanganya na kuzaa mawimbi mapya ambayo hakuna aliyeyatuma. Hesabu yake ni rahisi: zidisha la kwanza kwa mbili, toa la pili. Mtambo wa megahezi 105 na wa 98 huzaa mtoto wa megahezi 112. Redio za FM zinaishia 108. Kuanzia hapo na kuendelea ni masafa ya kuongozea ndege. Mitambo yote miwili ina leseni, yote miwili iko sahihi, na bado rubani anasikia kisichomhusu. Kwa mji ambao stesheni za FM za binafsi zilianza mwaka 1993, Sanyu kwenye 88.2 na Capital kwenye 91.3, kisha zikaongezeka mpaka vilima vikajaa milingoti, na ambao mabati ni mengi kuliko vigae, hili si jambo la kitabuni. Mvua ikinyesha maungio hulowa na kelele hubadilika. Mwindaji mjanja huandika hali ya hewa kando ya saa.

Je, wajua kuwa televisheni ya mtumba ililaza intaneti ya kijiji kwa miezi 18? Kijiji kinaitwa Aberhosan, kiko Wales, na kisa kilijulikana mwaka 2020. Kila siku saa moja asubuhi intaneti ilianguka. Nyaya zilibadilishwa, hali ikawa ile ile. Mwishowe mafundi walikuja na kifaa cha kupimia masafa, wakazunguka kijijini alfajiri kabla ya saa hiyo, wakasubiri. Saa moja ilipogonga kifaa kikalipuka kwa kelele, wakaifuata mpaka nyumba moja ambayo mwenyewe huwasha televisheni yake kuukuu kila aamkapo. Hakujua. Aliaibika, akaizima, na haikuwashwa tena. Intaneti yenyewe ilipita kwenye waya wa shaba, lakini waya wa shaba ni antena kama antena nyingine. Wanaonunua vyombo vya mtumba soko la Owino wasicheke sana.

Kisa cha Australia ni kitamu zaidi, kwa sababu waliotegwa ni wanaastronomia. Darubini ya redio ya Parkes, dishi la upana wa mita 64, ilikuwa ikinasa milipuko mifupi ya ajabu tangu mwaka 1998. Ilifanana kidogo na ishara kutoka mbali angani, na makala za kisayansi ziliandikwa. Lakini ishara hizo zilikuwa na tabia moja ya kutia shaka: zilipenda saa za kazi. Mwaka 2015, kwa kifaa cha kusikiliza masafa mengi kwa pamoja, watafiti waliona kila mlipuko unakwenda na mwingine wa gigahezi 2.4. Ilikuwa maikrowevu ya wafanyakazi. Mtu mwenye njaa alifungua mlango kabla haijamaliza, na katika kile kitambo kidogo kabla haijazimika, mawimbi yalitoka. Chakula cha mchana kilikuwa kimeingizwa kwenye kumbukumbu za anga.

Huko Messanges, pwani ya kusini-magharibi ya Ufaransa, kelele iliamka usiku wa manane na kulala saa tisa usiku, kila siku. Wakaguzi wa masafa waliingia mtaani usiku, wakafika kwenye nyumba ya baba mmoja aliyenunua kifaa cha kuzuia mawimbi ili watoto wake waache simu walale. Kilizuia mtandao wa mji wake na wa jirani. Adhabu ya kosa hilo kwa sheria ya huko inafika kifungo cha miezi sita na faini ya euro 30,000. Wazazi wenzangu, wanyang'anyeni simu mikononi, ni bei nafuu.

Na mwaka 2004, mjini Corvallis, Oregon, kijana mmoja aligongewa mlango na kikosi cha uokoaji. Televisheni yake ilikuwa ikitoa wimbi la megahezi 121.5, mlio wa kimataifa wa ndege iliyoanguka, na setilaiti ilimsikia kutoka angani. Setilaiti hizo zilijua mahali kwa ujanja ambao kila mkazi wa Kampala anaujua bila kuusomea: honi ya boda boda inayokujia ina sauti nyembamba, ikikupita huwa nzito. Setilaiti ikipita juu ya chanzo husikia masafa yakishuka vivyo hivyo, na dakika ya kushuka inaeleza alipo.

Je, wajua kuwa mkosaji mkongwe kuliko wote anaishi juu ya Ziwa Victoria? Radi. Tororo, mashariki mwa Uganda, iliwahi kuandikwa kwenye rekodi za dunia kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976. Kila mmweko ni kisambazaji chenye nguvu kubwa kinachoongea kwa kila masafa kwa wakati mmoja. Ndiyo ile mikwaruzo kwenye redio ya MW jioni ya mvua. Wataalamu wa hali ya hewa waliigeuza kero hiyo kuwa kipimo. Wimbi husafiri mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, hivyo kutoka Entebbe hadi katikati ya Kampala, takribani kilomita 34 kwa mstari ulionyooka, hutumia sehemu 113 hivi. Vituo kadhaa vyenye saa sahihi vikiandika radi moja ilifika kwa nani kwanza na kwa nani baadaye, mahali pake panajulikana bila antena yoyote kugeuzwa. Hapo saa imeacha kuwa fununu. Imekuwa ndiyo ramani. Kampala ni makao ya ACLENet, mtandao wa Kiafrika wa kupambana na vifo vya radi, na kwa nchi iliyopoteza wanafunzi 18 kwa radi moja katika shule ya Runyanya, Kiryandongo, mwezi Juni 2011, makao hayo yako mahali pake.

Je, wajua kuwa redio iliyosikilizwa Gulu ilifika mahakamani Ulaya? Katika vita vya kaskazini mwa Uganda, makamanda wa waasi wa LRA waliongea kwa redio za kufika mbali, kwa mafumbo na kwa saa walizopangiana. Kupangiana saa ni lazima kwa watu walio msituni wenye betri chache, na kupangiana saa ndiko kulikowaponza: jeshi, polisi na idara ya usalama wa ndani waliwasikiliza kila upande kivyake, wakarekodi kanda na kuandika madaftari. Katika kesi ya Dominic Ongwen, mmoja wa makamanda hao, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipata madaftari ya pande tatu zilizoandika mazungumzo yale yale, ikayalinganisha, kama mwindaji anayehitaji mistari mitatu ili kuamini nukta moja. Hukumu ilitolewa tarehe 4 Februari 2021.

Je, wajua kuwa elimu ya kusikiliza anga kwa redio ilizaliwa kutokana na mikwaruzo ya simu? Mapema miaka ya 1930 kampuni ya simu Marekani ilitaka kujua ni nini kinachokwaruza mazungumzo ya kuvuka Atlantiki. Ikampa kazi kijana Karl Jansky, huko Holmdel, New Jersey. Alijenga antena ndefu ya mbao na mabomba, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford, ikawa inazunguka mara moja kila dakika 20, ikisikiliza megahezi 20.5. Alipata kelele za aina tatu. Ya kwanza, radi za karibu. Ya pili, radi za mbali. Ya tatu ilikuwa mvumo mwembamba usio na mwenyewe, uliopanda na kushuka mara moja kwa siku. Alidhani ni jua. Lakini alikaa nayo zaidi ya mwaka, na hapo ndipo uvumilivu wake ulipomlipa: mvumo haukurudi kila baada ya saa 24. Ulirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56. Dakika nne tu za upungufu. Jua hurudi kwa saa 24. Nyota ndizo zinazorudi kwa saa 23 na dakika 56. Mwaka 1933 alitangaza kwamba mkosaji yuko katikati ya Njia Nyeupe, kundi letu la nyota. Mkubwa wa kampuni hakuwa na wa kumpelekea barua ya onyo, na Jansky akapewa kazi nyingine.

Nami nina mkosaji wa angani wa kuwaonyesha, na huyu anaonekana Kampala kuliko miji mingi. Tazama madishi ya DStv juu ya mapaa: yamelala, yanatazama juu kama sufuria zilizoachwa nje. Setilaiti yao iko nyuzi 36 Mashariki juu ya Ikweta, na Kampala iko karibu nyuzi 32.6 Mashariki, hatua chache tu kaskazini ya Ikweta. Setilaiti ipo karibu utosini. Mara mbili kwa mwaka, siku za karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba, jua nalo hupita utosini na kwa dakika chache hujipanga nyuma yake sawasawa. Jua ni kisambazaji kikubwa cha kelele, dishi haliwezi kutofautisha, na picha huganda au hupotea. Mjini London jambo hilo hutokea mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba, kwa sababu wao huitazama setilaiti kutoka pembeni. Kampala huangukia karibu siku yenyewe ya mchana na usiku kuwa sawa.

Basi mwezi Machi ukifika, picha ikapotea yapata saa sita na dakika arobaini mchana, au Septemba robo saa hivi kabla ya hapo, usipande juu ya paa wala usimpigie fundi. Toka nje utazame kivuli chako. Utakikuta kimejikunja chini ya miguu. Picha itarudi yenyewe kabla chai haijapoa. Ikipotea saa nyingine yoyote, chukua kalamu uiandike saa hiyo, na ya kesho, na ya keshokutwa. Atakayekuja na mfupa wa samaki mkononi ataiomba kabla ya kuomba ngazi.